Kengele ya Saa Nne

Alhamisi, jioni

Leo nimetoka kwenye kikao cha sita cha ushauri nasaha, na nimeona niandike kabla sijasahau, maana wapo walimu wenzangu wanaostaafu mwaka huu na sidhani kama kuna atakayewaambia haya.

Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka 34. Nilipofikisha 60, umri wa lazima, nikakabidhi ofisi. Semina ya wastaafu nilihudhuria. Tulielezwa habari za mafao, ufugaji wa kuku, na matapeli wanaowanyemelea wastaafu. Yote mambo ya maana. Ila hakuna aliyegusia kwamba Jumatatu ya kwanza nitaamka saa kumi na moja alfajiri, nipige pasi shati, nivae, halafu nikae pembeni mwa kitanda nisijue pa kwenda.

Shule haiko mbali na kwangu. Kengele yake ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, inagongwa kwa nondo, na mlio wake unafika mpaka uani. Watoto wapya wa darasa la kwanza, ambao hawakunikuta pale, wakawa wanapita na kunisalimu: "Shikamoo, babu." Salamu njema kabisa, wamefunzwa adabu. Lakini nikishaitikia marahaba nilikuwa naingia ndani na kulala hadi jioni.

Usiku usingizi ukanipaa, chakula kikawa hakipiti. Hospitali walipima presha, sukari, malaria, vyote salama. Daktari akaniandikia niende idara ya afya ya akili. Kile kikaratasi nilikikunja nikakitia mfukoni, kikakaa wiki tatu. Kwetu ukitaja afya ya akili mtu anawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, anadhani umerukwa na akili. Mke wangu ndiye aliyekikuta akitaka kufua suruali. "Mwalimu," akaniambia, "kesho tunakwenda."

Mwanasaikolojia mwenyewe ni binti, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Akanipa shikamoo, akanivutia kiti. Hili neno "ushauri nasaha" lilikuwa limenipotosha: nilikwenda nikingoja kushauriwa. Kumbe mwenye kusema ni mimi. Alinipa karatasi iliyogawanywa kwa saa, kila saa niandike nilichofanya, kisha niupe moyo wangu alama kuanzia 0 hadi 10. Baada ya wiki mbili tukazipanga karatasi zote mezani. Alama za chini kabisa, 1 na 2, zilikuwa zinaangukia palepale, saa nne asubuhi.

"Mwalimu, saa nne kulikuwa na nini?"

Saa nne ni mapumziko. Ni chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha ofisini kwa walimu, madaftari yamesukumwa kando, watu wanabishana kuhusu Simba na Yanga. Nikaanza kumsimulia hayo, mara nikajikuta nasimulia siku ya mwisho: nilivyoufuta ubao mwenyewe, nikaufuta tena, na ulikuwa umeshatakata. Nikalia. Hakuniambia nijikaze. Alikaa kimya mpaka nilipomaliza.

Nikamwambia naona aibu, kwani hakuna aliyekufa. Ndipo akanieleza kuhusu Holmes na Rahe, wataalamu wawili wa Marekani, ambao mwaka 1967 waliyaorodhesha mabadiliko ya maisha na kuyapa uzito, kwa kadiri yanavyomlazimu mtu kujizoesha upya. Kufiwa na mwenzi wa ndoa wameweka 100, talaka 73, kustaafu 45. Na kustaafu huja na wenzake: kipato kubadilika ni 38, mazoea ya mtu kubadilika 24. Hata kufunga ndoa, jambo la furaha, kuna 50. Sikuichukua orodha ile kama mizani ya dukani, lakini ilinitua mzigo wa aibu, nikaacha kujiuliza kwa nini nachoka ilhali sifanyi kazi.

Nilikuwa na haraka ya kufungua tuisheni. Hakunikataza, aliniuliza tu: "Unataka kufundisha, au unataka kuitwa mwalimu?" Niliondoka nalo lile swali, nikakaa nalo siku nyingi. Neno kustaafu asili yake ni Kiarabu, kuomba kuondolewa kazini. Nimelifundisha mara nyingi. Mimi sikuomba, na kidonda kilikuwa hapo. Tuisheni nimeiacha kwanza.

Kikao cha tano alitaka nije na mke wangu. Nilidhani anaitwa aeleze hali yangu. Akaeleza yake. Miaka yote ile, tangu asubuhi mpaka saa tisa, nyumba ilikuwa yake. Wenzake wa upatu walikuwa wakija uani wanachambua mchele, wanacheka. Siku hizi hawaji, kwa sababu mzee amekaa hapo. Ninamwuliza chumvi ametia kiasi gani, kwa nini mkaa umekwisha mapema. "Na mimi kuna kitu kimeniondokea," akasema, akitazama mikono yake. Nimeishi na mama huyu zaidi ya miaka 30, na nilikuwa sijaliona hilo. Nimemwomba radhi palepale, mbele ya yule binti.

Tumekubaliana kuanzia saa tatu mpaka saa sita uani ni kwake. Mimi natoka, nakwenda kwa jirani, mstaafu wa reli, ambaye yuko peke yake tangu watoto wahamie Dar. Tunakunywa chai barazani kwake, tunabishana. Juzi nilipokuwa narudi nilisikia vicheko vya kina mama tangu njiani, nikazunguka mtaa mara moja zaidi kabla ya kuingia.

Karatasi ya leo, saa nne, nimeandika 6. Saa kumi na moja alfajiri bado ni 3, pasi naishika na kuirudisha. Tutaanza na hiyo Alhamisi ijayo.