Kumi niliyokopa kwenye 641

Jana usiku kitinda mimba wetu alininyooshea simu. "Baba, mbona sarafu zimegota? Nashinda lakini haziongezeki." Kwenye kioo: 4294967295. Nikamwambia aliyetengeneza mchezo alitenga biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, za kuhifadhia idadi hiyo. Biti 32 zina mipangilio 4294967296, na kwa kuwa hesabu inaanzia 0, ya mwisho ndiyo hiyo. Akaguna, akaenda kulala. Mimi usingizi ukapaa, maana ukiongeza mbili tu unafika 4294967297, na hiyo tunajuana.

Kidato cha tatu, prepo, jenereta inazimwa saa nne. Swali lilikuwa moja: namba hiyo ni tasa au si tasa? Ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Ndugu zake wadogo, 3, 5, 17, 257 na 65537 (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, jumlisha 1), wote ni tasa, ndiyo maana mwanahisabati Fermat mwaka 1640 aliamini na huyu ni hivyo hivyo. Ukitaka kuhakikisha kwa nguvu, unajaribu namba tasa zote hadi kipeuo chake cha pili, na ziko 6542. Mwalimu alituhurumia: kigawo tasa chake chochote, ukikigawa kwa 64, lazima kibaki 1. Basi orodha ikawa fupi: 193, 257, 449, 577, 641, 769, na kuendelea.

Nne za kwanza zilibakiza baki, nikazipita. Ya tano naiona hadi leo. 641 kwenye 4294 inaingia mara 6, inabaki 448. Shusha 9: 4489, mara 7, inabaki 2. Shusha 6, haitoshi, andika 0. Shusha 7, 267, haitoshi, 0 nyingine. (Wengi huanguka hapa kwa kusahau sifuri moja, mimi sikusahau, na nilijisifu.) Shusha 2: 2672, mara 4 ni 2564. Toa. Mbili kutoa nne haiwezekani, nikakopa kumi kwa jirani, 12 kutoa 4 ni 8. Halafu ile 7 nikaiacha ikiwa 7. Nikaandika 118.

Ilitakiwa 108. Ingekuwa 108, ningeshusha 9, nikatoa 641, ikarudi 448 ile ile ya mwanzo, nikashusha 7, na 4487 ni 641 mara 7 kamili. Jibu 6700417, baki 0, kama alivyolipata mwanahisabati Euler mwaka 1732. Mimi nilipata 6700418, baki 359.

Kuhakiki kwa tisa kungeniumbua papo hapo: 4294967297 ukijumlisha tarakimu zake hadi ibaki moja ni 5, 641 ni 2, 6700418 ni 8, zao la 2 na 8 linaangukia 7, ongeza 8 ya 359, unapata 6. Haziendani. Sikuhakiki, jenereta ilikuwa inakohoa. Nikajaribu 769, nikajaribu 1153, taa zikazimika. Kwa tochi nikaandika: "Ni namba tasa."

Daftari lilirudi na alama 4 kati ya 5, ambazo mpaka leo sielewi zilitoka wapi, kwa jibu ambalo si jibu. 118 imezungushiwa wino mwekundu. Pembeni maneno matatu: "Ulikopa kumi, hukulipa."

Darasa zima lilicheka. Nadhani na mimi nilicheka.