GSX-R yangu na zile mita 402

Jamani hii GSX-R, pikipiki yangu ya Suzuki, ilikuwa inanitesa kwenye mbio fupi za kunyooka za mita 402 (robo maili), nikiachia klachi tu tairi la mbele hilooo juu, inabidi nipunguze mafuta na hapo muda ushapotea. Fundi wangu hapa Mtwara akasema usikimbilie injini, shusha kwanza pikipiki, uzito ukikaa chini mbele inatulia. Tukaishusha, sproketi ya nyuma (ile gia ya mnyororo) tukaongeza meno mawili, saivi inachomoka balaa, spidi ya mwisho imepungua kidogo ila kwa mita 402 sijali kabisa. Bado kurefusha swingamu, ule mkono unaoshika tairi la nyuma, tairi la nyuma likirudi nyuma zaidi ndo dawa yenyewe ya kunyanyuka, sema kwenye kona itakuwa nzito, na mi kona za kwenda Mikindani nazipenda mno, kwa hiyo hapo bado nawaza.