Jozi ya tano imetoka kinyume

Jana usiku nilimaliza kuchonga jozi ya tano ya wachezaji wa dansi. Nikapaka wino, nikalaza karatasi, nikasugua taratibu kwa mgongo wa kijiko. Nilipoibandua, mwanamume alikuwa amemshika mwenzake kiunoni kwa mkono wa kushoto. Chapa hutoka kinyume na mchongo, nami nilikuwa nimesahau kugeuza mchoro kabla ya kuuhamishia kwenye linoliamu, lile bamba laini ninalochonga. Kazi ya wiki nzima.

Kwa anayeanza kunifuata leo: ninachonga upya jozi 9 za wachezaji zilizo kwenye picha ya mwanzo wa kitabu cha Thomas Wilson, mwalimu wa dansi wa London, alichotoa mwaka 1816 kufundisha walsi, dansi ya jozi ya mapigo matatu. Wapiga muziki wako kushoto kabisa. Ukianzia hapo na kufuata mwendo wa saa, unapata mikao yote tisa. Sharti nililojiwekea ni moja: sichongi jozi yoyote kabla sijaujaribu mkao wake sebuleni na dada yangu.

Nilikuwa nianze na katuni ya walsi ya James Gillray ya 1810, nikaiacha. Gillray alichora kukejeli, na mchoraji wa kejeli huvuta kiungo chochote anachotaka kuchekwa. Wilson alitaka mtu ajifunze, kwa hiyo miguu yake naiamini zaidi.

Ila kilichonishika ni mikono. Walsi ya mashindano ya siku hizi ina mshiko mmoja, mkono wa kulia mgongoni mwa mwanamke na wa kushoto umenyooshwa pembeni. Kwa Wilson wamo walioinua mikono juu ya vichwa ikawa kama upinde. Huo naona ni urithi wa Ländler, ngoma ya mapigo matatu ya wanakijiji wa Austria na kusini mwa Ujerumani, ambayo jozi huzunguka na kupitana chini ya mikono iliyoshikana. Walsi ilishaingia kwenye kumbi za mabwana na viatu laini, lakini mikono ilikuwa bado inakumbuka kijiji. Julai ya mwaka huo huo wa 1816, gazeti la The Times la London liliilaani walsi kwa jinsi miili ilivyokaribiana.

Jumapili tulijaribu mkao wa upinde. Tulihesabu moja-mbili-tatu tukiwa juu ya vidole, na katika mzunguko wa nne dada akasimama. “Kaka, unanivuta. Ninyanyulie mkono, usinivute.” Kweli, kiwiko changu kilikuwa kimeshuka. Nilipokipandisha hadi usawa wa sikio, akapita chini bila kuinama, na mzunguko ukajiendea wenyewe. Nikarudi kwenye picha: viwiko vyao viko juu! Nilivitazama miezi miwili bila kuviona.

Kwa hiyo jozi ya tano naianza upya. Mchoro nimeubandika kwenye kioo cha dirisha, uso ukitazama nje, na naunakili kwa nyuma mwanga wa asubuhi ukipenya. Mkono wa kulia nimeutia alama ya penseli nyekundu. Kile kipande kilichotoka kinyume sikitupi. Kiwiko chake nilikichonga chini kuliko cha Wilson, nami nataka kipande hicho na kipya vikae ukutani kwa pamoja.