Nilivyoivalisha Hilux yangu ekseli nzima mbele

Kazi yangu ni kufunga pampu za maji vijijini, na vijiji vyenyewe viko upande wa Kasenga, Lukafu na chini ya milima ya Kundelungu. Kutoka Lubumbashi, kusini mwa Kongo, hadi pale unapoiacha barabara kubwa hakuna la kusimulia. Ukishaiacha, unafuata mitaro miwili iliyochimbwa na malori wakati wa mvua, na katikati yake kuna tuta refu ambalo Hilux ya kawaida hulilalia kwa tumbo.

Gari langu ni Hilux ya milango minne ya miaka ya tisini. Ilitoka Japani kupitia Dar es Salaam, usukani kulia, injini ya dizeli ya 3L, lita 2.8. Mbele ilikuja na miguu huru: kila gurudumu na mikono yake, na badala ya springi kuna fimbo ndefu ya chuma inayosokotwa gurudumu likipanda. Kwenye lami ni raha tupu. Ukipakia mabomba na saruji ukaingia porini, mpira wa sivijointi, kile kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, unachanika, tope linaingia, boli jointi zinalegea, na ukirudi mjini unapitia garaji kabla ya kupita nyumbani. Ubaya mwingine hauonekani mpaka uiname chini ya gari. Difu ya mbele, kile kikasha cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili, imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo mzigo ukizidi, chesisi inashuka na difu inashuka nayo. Katika ekseli nzima, yaani mhimili mmoja mgumu kutoka gurudumu hadi gurudumu, bakuli la difu linabebwa na magurudumu yenyewe. Pakia utakavyo, umbali wake na ardhi haubadiliki.

Watu waliniambia niuze ninunue Land Cruiser 79, ambayo mpaka leo inatoka kiwandani na ekseli nzima mbele. Ushauri mzuri, ila hakuna aliyeniongezea pesa. Mimi nilikuwa nimeona jambo jingine. Miaka ileile ambayo Hilux za Japani zilikuwa na miguu huru, Toyota ilikuwa ikileta Afrika Hilux za kazi zenye ekseli nzima na springi za pleti. Katanga zilijaa: za misheni, za kampuni za madini, za mashirika ya misaada. Nyingi zimekwisha kufa, na mifupa yake iko kwa wauza mitraye, yaani vyuma chakavu. Tena transfa ya gari langu, gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inatoa propela (shafti ya kupeleka nguvu kwenye difu) ya mbele upande wa kulia, na difu ya ekseli ile nayo iko kulia. Nati za magurudumu ni sita kwa duara la milimita 139.7 pande zote mbili. Kama hayo mawili yasingelingana, nisingeanza.

Ekseli niliipata Katuba, mtaa wa Lubumbashi, chini ya Hilux iliyopinduka ikabondeka paa. Kijana muuzaji alitaka kunikatia ekseli peke yake. Nikamwambia nataka pia springi, shakoli (vipande vinavyocheza kwenye ncha ya springi), mabano ya chesisi yanayoshika springi, kaliperi za breki, mpaka yubolti, zile bolti za umbo la U, za zamani.

"Yaya, unanunua ekseli ao unanunua gari?" akaniuliza. Kwetu yaya ni kaka mkubwa.

"Nanunua kila kitu kilichogusana na hiyo ekseli, mdogo wangu."

Alicheka, akaongeza bei. Bado ilikuwa nafuu, kwa sababu yale mabano ya zamani ndiyo yaliyonionyesha kiwanda kilikusudia springi ikae vipi: jicho la mbele limefungwa palepale, jicho la nyuma liko kwenye shakoli inayocheza.

Kabla ya kuwasha grainda nilifungua vichwa vya difu, yaani seti za gia zake, cha mbele na cha nyuma, nikahesabu meno. Hapa wengi huharibu gari bila kujua. Nyuma yangu ilikuwa 41 kwa 9, yaani propela inazunguka mara 4.556 gurudumu likizunguka mara moja. Ekseli niliyonunua ilikuwa 41 kwa 10, yaani 4.10. Tofauti ni kama asilimia 11. Kwenye tope hutaisikia, maana tairi zinateleza na kusameheana. Kwenye ardhi kavu, ukiwa na magurudumu manne yanayovuta, mbele na nyuma zinashindana na ugomvi unaishia ndani ya transfa. Uzuri wa Hilux hizi ni kwamba kichwa cha difu cha inchi 8 hutoka kizima kwa nati zake, na cha nyuma huingia kwenye ekseli ya mbele. Nikarudi kwa wauza mitraye kutafuta kichwa cha nyuma cha 41 kwa 9.

Kazi yenyewe niliipangia kiangazi. Sababu moja ni kwamba wakati huo ndipo njia zinapitika hata kwa gari la kuazima, kwa hiyo ningeweza kuliacha langu juu ya magogo. Sababu ya pili ni elektrodi, vile vijiti vya kuchomelea. Kwa chesisi nilitaka aina ya 7018, na elektrodi hiyo ikinyonya unyevu mshono wake hupata nyufa ambazo jicho halizioni. Nikaagiza pakiti zifunguliwe siku ya kuchomelea, si kabla. Sudere wangu, fundi wa kuchomelea, alinung'unika kwamba 6013 ya kawaida inatosha kwa kila kitu. Kwa mageti, sawa.

Kuvua miguu ya zamani ni kazi ya nguvu zaidi kuliko akili, isipokuwa jambo moja: zile fimbo za kusokotwa zilegezwe kwanza kwa bolti zake, polepole, pande zote mbili. Fimbo ikikatwa ingali imejisokota inaruka na nguvu yote iliyokuwa imebeba. Betri nayo ifunguliwe kabla ya mashine ya kuchomelea kugusa gari. Baada ya hapo ni grainda, vumbi na kelele, na majirani kuuliza kama gari limeuzwa vipandevipande.

Chesisi ikiwa wazi, tuliipima juu ya ardhi iliyosawazishwa: kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi mbele, kulia na kushoto, halafu kona kwa kona. Ekseli niliisogeza mbele kidogo kuliko magurudumu yalivyokuwa, ili tairi ya 235/85R16, yenye kimo cha karibu sentimita 80, isikwaruze kona ya kabini ninapokata kona. Mabano ya mbele tuliyatengeneza upya kwa bamba la milimita 6. Kwa shakoli za nyuma tulitoboa chesisi, tukapitisha bomba nene kutoka upande mmoja hadi wa pili, tukalichomelea pande zote. Mabamba ya kukazia yalikatwa ncha za mshazari. Mshono unaokata chesisi kwa mstari wima ni mwaliko wa ufa, na ufa wa chesisi hauji ukiwa karibu na garaji.

Sasa kasta, yaani mlalo wa ekseli ya mbele. Wanaozungumzia kazi hii huzungumzia kuchomelea; mimi naona pembe ndizo zinazoamua kama utaendesha gari au litakuendesha. Angalia baiskeli za wauza makala (makaa) zinazoshuka kuelekea mjini: uma wa mbele umelala kidogo, na ndiyo maana baiskeli yenye magunia hushika mstari wenyewe. Ekseli ya mbele nayo inahitaji kulala hivyo, sehemu ya juu ya kifundo, kile kinachogeuka pamoja na gurudumu, ikielekea nyuma. Ukiiweka wima, usukani haurudi baada ya kona na gari linatangatanga barabarani. Ukiilaza kupita kiasi, mdomo wa difu unaangalia chini na propela inapata pembe mbaya. Ni kuvutana: unachompa mmoja unamnyang'anya mwingine. Nililenga digrii 4. Tulishikiza viti vya springi kwa nukta chache tu za mshono, tukashusha gari na uzito wake wote, nikaweka magunia ya saruji nyuma kama ninavyosafiri, ndipo tukapima. Ilitoka pungufu kidogo, nikaongeza kabari za chuma kati ya springi na kiti chake. Mshono wa mwisho ulifuata baadaye.

Stelingi, yaani mfumo wa usukani, ndiyo iliyonipeleka mtaa wa Kamalondo, kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza iliyozeeka kuliko mimi. Alijifunza kazi katika karakana za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na bado anapima kwa vidole kabla ya kupima kwa kifaa. Boksi ya stelingi ya gari langu husukuma kutoka upande hadi upande, na hilo ni jambo zuri: unaweza kuibakiza, ukapitisha fimbo moja ndefu kutoka boksi ya kulia, juu ya difu, hadi kwenye kifundo cha gurudumu la kushoto. Fimbo ikiwa ndefu na karibu usawa na ardhi, springi zikicheza usukani hautikisiki. Ikiwa fupi na imesimama mshazari, kila shimo litakugeuzia gari. Lakini ili ipite juu ya springi, vifundo vinahitaji mikono mipya ya juu. Nilikuwa na kipande kizuri cha chuma kinene. Nikamwuliza mzee kama anaweza kunichongea.

"Naweza," akasema. "Na sitafanya."

"Kwa nini, Papa?"

"Chuma hiki sikijui kimetoka wapi. Mkono wa stelingi ukivunjika, mwanangu, hautakuuliza uliokoa dola ngapi. Nunua."

Nikanunua. Mikono ilitoka Afrika Kusini, ikaingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, pamoja na mizigo ya mfanyabiashara mmoja, na ikachelewa kama vitu vyote vya Kasumbalesa vinavyochelewa. Ilinigharimu karibu sawa na ekseli nzima. Kila nikiteremka mlima nikiwa na mafundi watatu kabinini sijutii hata senti. Nati zake hukazwa kwa ufunguo wa kupima nguvu, karibu nyutonimita 95, na hukaguliwa tena.

Alichokubali mzee kukereza ni mikono ya bomba ya kupitisha bolti za boksi ndani ya chesisi. Chesisi ni tupu ndani. Ukikaza bolti bila kitu cha kuihimili, kuta zake zinabonyea, bolti inalegea, na boksi inaanza kucheza. Hiyo mirija midogo inagharimu bei ya sahani ya bukari (ugali) na samaki, na sijui kwa nini watu huiruka.

Vifundo tulivifungua vyote: beringi mpya, sili mpya, grisi ya molibdeni kwenye jointi za ndani. Ugumu wa kugeuka kwa kifundo hupimwa kwa kuvuta ncha ya mkono kwa mizani ya ndoano. Niliazima ya muuza samaki, nikairudisha ikinuka grisi badala ya samaki, hakufurahi.

Mengine yalikwenda haraka. Propela ya mbele ilirefushwa na kusawazishwa kwa mzee yuleyule, tukiiachia nafasi ya kutosha kuteleza ndani na nje, kwa sababu ekseli ya pleti hutembea mbele na nyuma inapopanda. Mabomba ya mpira ya breki yalibadilishwa kwa marefu zaidi, na hilo tulilipima ekseli ikining'inia hadi mwisho wake. Mipira ya kusimamisha ekseli tuliweka baada ya kuona bakuli la difu linakaribia wapi karteri ya mafuta, chini ya injini. Halafu tukainua gurudumu moja kwa jeki mpaka springi yake inabanwa kabisa, tukazungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, pande zote mbili. Palipogusa, tulipunguza. Alaimenti ya kuingia ndani kwa magurudumu tuliifanya kwa kamba na futi.

Safari ya majaribio ilikuwa barabara ya Likasi, kisha Lukafu nikiwa na mzigo. Nisidanganye mtu: kwenye lami gari limekuwa gumu. Kila kiraka unakisikia mgongoni, na juu ya kilomita 90 kwa saa usukani unataka umakini ambao zamani haukuutaka. Mke wangu sasa akienda Likasi anapanda basi. Lakini kwenye mitaro ile, gurudumu moja linashuka, la pili linapanda, na yote manne yanabaki yakigusa ardhi, wakati zamani moja lilikuwa linazunguka hewani. Na kikiharibika kitu, nyundo na jeki vinatosha, hata kijijini.

Yubolti nilizikaza tena baada ya safari ya kwanza, na zililegea kweli, kwa sababu springi na kabari hukaa vizuri zikishapigwa na njia. Kwa sasa gari likiwa tupu pleti ni ngumu mno, kwa hiyo nimeondoa moja kila upande. Kinachobaki ni amortiseri (shokabzoba): hizi nilizofunga hufika mwisho kabla springi haijafika, nami natafuta ndefu zaidi.