Usiku ule nje ya Kibirizi

Juzi kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, rafiki yangu alishikilia kwamba jirani akianza kuunda bomu, dawa ni kumpiga kabla hajamaliza. Akatoa mfano wa Juni 1981, ndege za Israeli zilipobomoa kinu cha nyuklia cha Osirak, Iraki. Nilimjibu kwamba baada ya pale Saddam aliihamishia kazi hiyo mafichoni, akaiongezea watu na fedha. Hakuridhika. Lililokuwa moyoni sikulisema, nalisema hapa.

Mwaka 2009 nilikuwa navua dagaa na mjomba. Usiku mmoja wa giza, karabai zinawaka, tukasikia makasia. Mtumbwi unatujia bila taa. Msimu ule injini zilikuwa zinaporwa sana ziwani. Mwenzetu akachomoa panga, mimi nikainua kasia, nikasema tuwawahi. Mjomba akanishika mkono: “Uliza kwanza.”

Nikaita. Ikajibu sauti ya mtoto.

Injini yao ilizima, na taa imeisha mafuta. Yule mtoto, miaka kumi hivi, alikuwa anakumba maji kwa kopo la mafuta ya kupikia, ameinama, kisogo chake usawa wa kasia langu. Mpaka leo nakiona kile kisogo.

Tarehe 27 Oktoba 1962, karibu na Kuba, meli za Marekani ziliangusha mabomu madogo ya onyo ili nyambizi ya Kisovieti B-59 iibuke. Hazikujua kwamba ndani mna torpedo ya nyuklia. Nahodha alidhani vita vimeshaanza, akataka iandaliwe. Vasili Arkhipov, afisa mwenzake humo ndani, akamtuliza, wakaibuka. Siku hizohizo majenerali wa Washington walikuwa wanamsukuma Rais Kennedy aipige Kuba kwa sababu ya makombora ya Kisovieti yaliyowekwa huko, bila kujua kwamba vichwa vya nyuklia vya masafa mafupi vilikuwa vimeshafika kisiwani. McNamara, waziri wake wa ulinzi, alikuja kuyasikia hayo mwaka 1992.

Anayewahi kupiga anaua kwa kosa ambalo bado liko kichwani mwake tu. Hilo siwezi kulihalalisha. Kutishana kwa nyuklia nako kunaniumiza, maana ni kuweka rehani watoto wa miji mizima, tena kwa kutegemea kila zamu iwe na Arkhipov wake. Ila angalau kunaacha dakika ya kuuliza. Ninachokitaka hasa ni silaha zenyewe ziondoke, na wanaoniambia ni ndoto nawakumbusha Afrika Kusini: iliunda mabomu sita, ikayavunja yote yenyewe.