Jaji wa Yonkers aliyesikiliza kesi ya bomu la Nairobi

Upande wa mashariki wa Yonkers, mji tunaoishi kaskazini mwa Bronx, kuna nyumba za ghorofa moja zilizojengwa safu safu, kila moja na mlango wake wa mbele, kijiuwanja chake na pipa lake la taka. Ukizipita na basi huwezi kudhani ziliutikisa mji mzima.

Aliyeulazimisha mji kuzijenga ni Leonard Sand, jaji wa mahakama ya shirikisho ya Kusini mwa New York. Wakenya wengi hapa hawalijui jina hilo, ilhali ndiye aliyesikiliza kesi ya mabomu yaliyolipua balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998.

Sand alizaliwa 1928, akasomea sheria Harvard, akawa mwendesha mashtaka, kisha wakili, hadi Rais Carter alipomteua 1978. Kwetu Kenya jaji hustaafu akifika miaka 70. Huku jaji wa shirikisho hana umri wa kustaafu, mshahara wake haupunguzwi, na ni Bunge pekee linaloweza kumwondoa. Ndiyo maana aliweza kuusimamia uamuzi ambao wapiga kura wa Yonkers waliuchukia.

Mwaka 1985 aliamua kwamba mji ulikuwa umewatenga Weusi kwa makusudi, katika makazi na shule. Akaamuru nyumba 200 za watu wa kipato cha chini zijengwe kwenye mitaa ya Wazungu. Madiwani wakakaidi. Mwaka 1988 akaupiga mji faini ya dola 100, ikiongezeka maradufu kila siku. Piga hesabu: siku ya 14 pekee ni dola 819,200. Mahakama ya rufaa ikaweka kikomo cha dola milioni moja kwa siku, na Septemba baraza likasalimu amri. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilisema alikosea kuwatoza pia madiwani wenyewe faini, kabla ya kuona kama faini ya mji ingetosha. Nyumba zilijengwa hata hivyo, na familia za kwanza zilihamia 1992.

Kesi ya mabomu ilianza Manhattan mwanzoni mwa 2001. Washtakiwa walikuwa wanne, mmoja wao Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar. Wote walipatikana na hatia. Kwa wawili walioombewa kifo, baraza la wazee wa mahakama halikukubaliana kwa kauli moja, basi nao wakafungwa maisha. Sand alisoma hukumu Oktoba 18, wiki tano baada ya Septemba 11, mitaa michache tu kutoka kwenye vifusi.

Wapo wanaoniambia alikuwa mpole mno. Nawajua watu waliokimbilia madirishani waliposikia mlipuko wa kwanza, vioo vikawapofusha. Hata hivyo naona Sand aliwatendea haki: ushahidi ulitolewa hadharani, wauaji wakapewa mawakili, wala hakuna anayeweza kudai walionewa.

Sand alifariki Desemba 2016. Mapatano yaliyofuata, ambapo Sudan, iliyolaumiwa kwa kuwahifadhi al-Qaeda waliolipua mabomu hayo, ilikubali kulipa fidia ya dola milioni 335, yaliwalenga Wamarekani na wafanyakazi wa balozi hizo. Waathiriwa wa Ufundi House, jengo lililoporomoka kando ya ubalozi wa Nairobi, na wapita njia wa barabara ya Moi Avenue bado wanadai fidia.