Swali la Tisa

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukitoka ibadani, binti yangu mdogo aliniuliza: "Mama, kama Yesu anaondoa huzuni, kwa nini watu wanakuja kukuona wewe?" Mchungaji alikuwa ametoka kuwaombea wote wenye mizigo moyoni, na waliosogea mbele walikuwa wengi. Nilimjibu kwamba Yesu ana watumishi wa aina nyingi. Jibu hilo lilimtosha mtoto lakini halikunitosha mimi, na mchana kutwa nilikuwa nikimkumbuka mwalimu mmoja niliyempokea Dodoma nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya ushauri nasaha. Mambo kadhaa nimeyabadilisha hapa ili asitambulike.

Aliletwa na wifi yake, ambaye ndiye aliyekuwa amembeba mtoto mchanga mgongoni. Tangu ajifungue, mwalimu huyu alikuwa hali vizuri, halali, na katika kwaya ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiiongoza kwa sauti ya kwanza, alikuwa amekaa kimya. Daktari alimwandikia dawa za sonona, ambazo kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne kabla mgonjwa hajaona nafuu. Yeye alizimeza kwa siku chache tu, akaona mdomo unamkauka na huzuni iko palepale, kisha wenzake wa kikundi cha maombi wakamwambia achague kati ya vidonge na imani. Akachagua imani, wakamkeshea. Ninaamini katika maombi kwa moyo wangu wote, na huwa ninayaomba mwenyewe kabla sijaufungua mlango wa ofisi asubuhi, lakini mama aliyejifungua juzi akiwa na sonona anahitaji usingizi kama anavyohitaji chakula, na kumkesha usiku baada ya usiku ni kumwongezea ugonjwa, hata kama wanaofanya hivyo wanampenda. Na hao walimpenda kweli. Walikuwa wakimfulia nguo na kumchotea maji.

Alikaa akiwa ameishika Biblia yake mapajani kwa mikono miwili. Nilimweleza kwamba nitamsomea maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na kwamba kwa kila swali atajibu kama hali hiyo haikumpata kabisa, ilimpata siku kadhaa, ilimpata zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Maswali manane aliyajibu kwa sauti ya chini na bila kusita, kama mwalimu anayesoma majina ya wanafunzi. Nilipofika la tisa, linalouliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ni afadhali afe au ajidhuru, alinyamaza. Nilisikia mtoto akikohoa nje barazani na wifi akimbembeleza. Kisha akaniuliza, "Dada, nikikujibu ukweli, utaandika kwamba nimekufuru?"

Nilielewa kwamba hakuwa akiniogopa mimi tu. Alikuwa akimwogopa Mungu, akilihofia kanisa lake, akihofia kuambiwa ni mtu wa Mirembe, kwa kuwa jina la hospitali hiyo ya magonjwa ya akili watu wamelifanya kuwa tusi, na pengine akiihofia hata sheria yetu, ambayo inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mafunzo yangu yalinikataza kumhubiria mteja, nami ninaikubali kanuni hiyo, kwa sababu mtu aliyevunjika moyo hukubali chochote anachoambiwa na aliyekaa upande wa pili wa meza. Lakini swali lake lilikuwa la imani, na nisingeweza kulijibu kana kwamba ni la kitu kingine. Nikamuuliza kama angependa tulizungumze kwa kuitumia Biblia aliyoishika. Alikubali kwa kichwa. Nikasema, "Mwalimu, humo ndani unamkumbuka mtu yeyote aliyemwomba Mungu afe?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Alikuwa amefundisha Shule ya Jumapili, kwa hiyo sikutaka kumtangulia. "Eliya," alisema hatimaye, na akafungua mwenyewe Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Akasoma kwa sauti jinsi nabii alivyoketi chini ya mretemu na kusema, "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Hapo sauti ilimkatika, nami sikuizungumzia. Alipoweza kuendelea, alisoma kwamba Eliya alilala usingizi, kwamba malaika alimgusa na kumwambia ainuke ale, kwamba palikuwa na mkate na gudulia la maji, kwamba alilala tena, na kwamba malaika alirudi mara ya pili na kumwambia tena ainuke ale. Akarudi juu, akaanza kuisoma sehemu hiyo upya, kimya, akiufuatisha mstari kwa kidole. "Hakumkemea," alisema. Nikamwambia kwamba na mimi sioni mahali alipokemewa. Ndipo akajibu swali la tisa: karibu kila siku.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nilimuuliza waziwazi kama alikuwa na mpango wa kujidhuru, tukamwita wifi ndani kwa ruhusa yake, tukapanga nani atalala naye na nani atampokea mtoto usiku, na jioni hiyohiyo alionwa na daktari na kurudishwa kwenye dawa. Kwa idhini yake nilizungumza na mchungaji wake, ambaye aliliomba kundi limwombee mchana na kumwacha usiku alale. Baada ya miezi kadhaa alirudi kwenye kwaya.

Msimamizi wangu wa wakati huo, niliyemheshimu sana, aliniuliza kama ningefanya vivyo hivyo kwa mteja aliyeshika Kurani, na kama nina hakika kwamba andiko lilimfungua mwalimu yule na halikumlazimisha. Mchungaji naye aliniuliza kwa nini sikumwombea palepale. Bado ninayabeba maswali ya wote wawili. Katika mazungumzo ya kwanza na kila mteja sasa ninauliza kama imani ina nafasi katika yanayomsumbua, na anayesema hapana, jambo hilo halizungumzwi tena mpaka alitaje yeye. Anayenipa shida ni yule anayesema "niombee kwanza" kabla hajaniambia lolote, kwa sababu nimeona watu wakisema amina, wakashukuru na kuondoka na jambo lao lote moyoni. Huyo huwa ninamwomba tuzungumze kwanza, na sala ije mwishoni kama bado ataitaka. Wapo wanaokubali. Wapo pia wanaoinuka na kuondoka wakiamini kwamba sina imani, na hao sijapata njia ya kuwarudisha.